Mtoto Akija na Daftari, Mkaribisheni
(Hotuba ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wazazi, walimu na wanafunzi)



Kilwa haina haja ya kuazima mashujaa. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa na Wajerumani Kilwa Kivinje mwaka 1895. Miaka 10 baadaye, Julai 1905, wakulima wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Majimaji vikaanza.

Leo wanafunzi wetu wanaichora, wanaighani na kuiigiza historia hiyo. Mtoto akiuliza kama Kinjikitile aliwadanganya watu, wapo wanaoona ni utovu wa adabu. La hasha! Ebrahim Hussein alilipeleka swali hilo jukwaani katika tamthilia ya Kinjeketile, na heshima ya shujaa haikupungua. Maji hayakuzuia risasi, lakini yaliwaunganisha watu waliokuwa mbalimbali.

Ombi letu ni moja. Mtoto akija na daftari, mkaribisheni, mumsimulie mliyoyasikia kwa babu na bibi zenu. Vitabu vimehifadhi majina ya viongozi walionyongwa. Majina ya waliokufa kwa njaa iliyofuata vita mnayo ninyi. Mkiondoka nayo, hatabaki wa kuyataja.