Maneno ya Simo ya Wapiga Jazi



Majuma machache yaliyopita nilimkemea karani kijana wa afisi yetu kwa kutumia maneno ya simo, nikayaita maneno ya wahuni. Baadaye niliona haya, maana nilihukumu pasipo kuchungua. Basi nimechungua, na mfano nilioutwaa ni simo ya wapiga jazi, watu weusi wa Marekani.

Neno jazi lenyewe halikuanza katika muziki. Lilionekana katika magazeti ya California mwaka 1912 na 1913, katika habari za mchezo wa besiboli, kwa maana ya nguvu na uchangamfu. Mwaka 1915 gazeti la Chicago liliuita muziki kwa jina hilo. Kwetu nako likafika: Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932.

Wapigaji wale waliitana "cat", yaani paka. Chombo cha muziki wakakiita "axe", yaani shoka. Kazi ya usiku mmoja ikawa "gig". Kufahamu jambo ni "dig", yaani kuchimba. Na mtu aliyepitwa na mambo ni "square", yaani mraba. Mwaka 1938 Cab Calloway, mwimbaji mashuhuri, alitoa kamusi ya maneno hayo. Naye alikuwa amepata sifa katika Cotton Club, mtaani Harlem, New York, mahali ambapo watu weusi walitumbuiza, lakini hawakukaribishwa kuketi kama wageni.

Sasa nalifikia neno "hip", yaani mwerevu wa mambo. Lilikuwa limekwisha chapwa mwaka 1904. Miaka mingi baadaye mtaalamu David Dalby alisema kwamba latoka katika Kiwolof, lugha ya Senegal, katika neno lenye maana ya kufumbua macho. Niliposoma hayo nilifurahi mno, nikatamani yawe kweli. Lakini watunga kamusi wengine wameyakataa, kwa kuwa hapana maandishi yanayoyaunganisha maneno mawili hayo.

Mabwana, sisi ni makarani. Je, tutaingiza katika faili jambo lisilo na hati kwa sababu latupendeza? Heshima ya watu wale haihitaji asili ya kubuni. Yatosha kwamba walionyimwa kiti walijitungia maneno yao, na leo maneno hayo yasemwa hata na wajukuu wa waliowanyima.

Yule kijana nimemwomba radhi. Nilimwambia kwamba katika barua ya kazi tutaandika Kiswahili safi, wala sheria hiyo haikubadilika. Lakini sitaliita neno la kihuni tena kabla sijauliza limezaliwa wapi, na kwa haja gani. Nanyi nawasihi mfanye vivyo hivyo.