Kahawa Nyeusi na Mama Mjamzito

Leo tuzungumzie kahawa nyeusi ya espreso. Hii ni maji moto yaliyosukumwa kwa nguvu kupitia kahawa iliyosagwa laini. Mimina espreso kikombeni, kiasi cha vijiko vikubwa viwili, kisha ongeza maji moto upendavyo.

Lakini kumbuka: maji hupunguza ukali wa ladha, hayapunguzi kafeini. Espreso moja ina takriban miligramu 60, na chai pia ina kafeini. Shirika la Afya Duniani lashauri wajawazito wanaozidisha miligramu 300 kwa siku wapunguze.

Tembe za kuongeza damu zimeze kwa maji. Kahawa huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, kwa hivyo ngoja saa moja au zaidi ndipo unywe. Mtoto mdogo usimwonjeshe.

Tunza afya yako.