Jicho la Gizani: Kutoka kwa Papa hadi Ziwa Kisiba



Mwaka 2011 Nathan Hart na wenzake, huko Australia, walipima retina za papa wa spishi 17. Katika spishi 10 hawakuona seli koni, zile za kubagua rangi. Waliona seli fimbo tu, za mwanga hafifu. Vipimo hivyo sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni na hitimisho ninalolisikia vikaoni: kwamba jicho la papa ni duni, kwamba papa huishi kwa pua, na kuchora ramani ya seli za jicho lake ni kupoteza fedha.

Asemaye hivyo amehesabu milango akadhani amehesabu vyumba. Baada ya fimbo kuna tabaka za seli zinazochuja habari na kuipeleka kwenye ubongo. Kwa darubini nyingi hufanana kama mapacha. Ukizitenganisha moja moja na kusoma RNA, yaani nakala za jeni zilizowashwa ndani ya kila seli, zinaachana. Mwaka 2015 Evan Macosko na wenzake walisoma hivyo seli 44,808 za retina ya panya, wakapata makundi 39. Na panya ni mnyama wa usiku. Vipokea mwanga vyake, takriban 97 katika kila 100, ni fimbo. Uduni uko wapi?

Thamani ya fimbo nilifundishwa na bibi. Igawa iko kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, nasi tulichota maji Mto Mbarali giza likiingia. Lori likija, bibi alitugeuza nyuso. Aliyezitazama taa alisimama palepale, ndoo kichwani, hadi njia irudi. Rodopsini, protini ya fimbo, huunguzwa na mwanga. Ikiungua sana huhitaji kama nusu saa kujijenga upya.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko wilayani Rungwe, Masoko, katika Ziwa Kisiba: kreta ya volkano yenye upana wa mita 700 hivi. Humo samaki aina ya furu wa spishi moja, Astatotilapia calliptera, wanagawanyika: wa manjano ufukweni, wa buluu kilindini. Milan Malinsky na wenzake, akiwemo Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), walieleza mwaka 2015 kwamba mgawanyiko huo umeanza miaka 500 hadi 1,000 tu iliyopita. Miongoni mwa jeni zilizotofautiana sana imo rodopsini. Tazameni: samaki wenye koni na rangi zao zote, lakini alama ya kuachana imeonekana hata kwenye fimbo!

Herufi za jeni tumekwisha kuzisoma. Bado kusoma retina za furu hao seli kwa seli. Naomba meza ya kwanza ya kazi hiyo iwekwe hapa Nyanda za Juu Kusini, na vijana wa Rungwe na Mbarali wawe wa kwanza kuikalia.