MAGUNZI SI TAKATAKA, LAKINI MKAA SI KINGA YA KILA GESI

Maneno ya Katibu wa Tawi la Chama kwa wanaushirika, Mugoma



Kila mavuno tunachoma magunzi ya mahindi, basi yamekwisha. Leo tuambiane: magunzi hayo, pamoja na maganda ya kahawa, yaweza kuwa mkaa wa kusafisha gesi. Wataalamu huuita kaboni amilifu.

Si jambo geni. Katika Vita Kuu ya Kwanza, gesi ya sumu ilipoanza kuua askari wengi Ulaya mwaka 1915, vinyago vya kujikinga vilitiwa mkaa. Mwaka 1918 wananchi wa Marekani walihimizwa kukusanya kokwa za matunda na maganda ya njugu ili kutengeneza mkaa huo. Takataka ikaokoa watu!

Kazi yake ni hivi. Mkaa una vitundu visivyoonekana kwa macho. Gesi ikipita, hunata katika kuta za vitundu hivyo. Mkaa wa jikoni unavyo vichache. Ukipitishiwa mvuke katika joto la nyuzi 800 hadi 900, vitundu huongezeka mno, hata gramu 1 ikawa na kuta za meta za mraba 500 na zaidi.

Faida kwetu ni nini? Gesi ya samadi ina ndani yake gesi inayonuka yai bovu, nayo hula vyuma vya jiko. Mkaa huo ukiwekwa katika njia ya bomba, huinasa. Ukishiba, hubadilishwa.

Sasa tahadhari, ndugu.

Kwanza: jiko la mkaa katika nyumba iliyofungwa hutoa gesi isiyonuka, inayoua watu usingizini. Hiyo hainaswi na mkaa, hata wa kiwandani. Jiko lilale nje.

Pili: asiingie mtu katika shimo la samadi au la choo kwa kutegemea kitambaa chenye mkaa. Atakufa, na anayemfuata kumwokoa atakufa.

Tatu: joto la nyuzi 900 si la kubahatisha kwa pipa. Tusitoe fedha za ushirika kununua mtambo kwa maneno matamu. Tukaushe magunzi, tuyatunze, kisha tuombe ushauri kwa wataalamu kama wa CAMARTEC, Arusha, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1981 na lenye uzoefu wa gesi ya samadi.

Mali tunayo. Tuitumie kwa akili na kwa umoja.

Kazi kwetu!