Gitaa na Rafiki wa Zamani: Maneno kwa Wakristo na Waalimu



Wapenzi Wakristo, na ninyi waalimu wetu, nimepewa kazi ya kusema nanyi habari za muziki katika Jubilei. Nimechagua jambo moja tu, nalo ni hili: wale waliopiga magitaa pamoja katika ujana wao, kisha wakatawanyika, yafaa wakutane tena na kupiga pamoja. Huenda wengine wakasema kwamba hilo ni jambo la mchezo. Mimi nasema silo, na sababu zake nitazitaja.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika kitabu cha Walawi, mlango wa 25, Waisraeli waliamriwa kuutakasa mwaka wa 50, na katika mwaka huo kila mtu alirudi kwa watu wake, na mali iliyopotea kwa deni ilirudishwa. Basi Jubilei ni wakati wa kurudi, tena ni wakati wa kufungua madeni. Jimbo letu la Singida lilianzishwa mwaka 1972. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18 siku zile, alikuwa mzee wa miaka 68 Jimbo lilipotimiza miaka 50 mwaka 2022.

Vijana wa siku zile walisikia katika redio gitaa la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, na muziki wa Tabora Jazz kutoka kwa jirani zetu. Vidole vyao vikajifunza. Tena mlango wa kanisa ulikuwa umekwisha funguliwa, maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwezi wa Desemba 1963, uliruhusu vyombo vingine pamoja na kinanda, mradi vifae kwa ibada na wenye mamlaka wakubali. Kwa hiyo mkono uliojifunza kwa nyimbo za dansi uliweza kumtumikia Mungu katika kwaya.

Lakini vikundi vya vijana havidumu. Mmoja hupata kazi mbali, mwingine huoa, na wengine hugombana. Nanyi mwajua chanzo cha ugomvi wenyewe: gitaa lilinunuliwa kwa fedha za wote, likabaki nyumbani kwa mmoja. Miaka ikapita, gitaa likaliwa na mchwa, na ugomvi ukabaki mzima. Watu wawili waliokuwa wakiimba kwa sauti moja, leo hupitana njiani kwenda kisimani bila salamu.

Je, wazee waweza kurudi? Waweza. Mwaka 1993, Dar es Salaam, wanamuziki wakongwe walikusanyika wakaunda Shikamoo Jazz, wakisaidiwa na shirika la HelpAge, linaloangalia wazee. Miongoni mwao alikuwamo Salum Zahoro, aliyepata sifa zamani katika Kiko Kids ya Tabora. Jina la bendi lilikuwa salamu yenyewe tunayowapa wakubwa wetu. Nao hawakupewa heshima kwa kuwa wazee tu, bali kwa kuwa walipiga vizuri.

Sasa sikieni sababu iliyo kubwa kupita zote. Nyimbo nyingi zilizotungwa vigangoni hazikuandikwa kamwe. Mmoja akumbuka maneno, wa pili akumbuka sauti ya pili, na wa tatu, vidole vyake tu ndivyo vinavyokumbuka jinsi gitaa lilivyoitikia. Wimbo huo hauko kwa mtu mmoja. Uko kati yao. Akifa mmoja, fungu lake lazikwa pamoja naye, na wale waliobaki hawawezi kulirudisha. Basi asemaye, Tutapatana mwakani, ajiulize ni nani atakayekuwapo mwakani.

Gitaa lenyewe ni mwalimu wetu katika jambo hili. Mpigaji hubonyeza uzi wa sita, ulio mnene kupita zote, katika nafasi ya tano ya shingo, na sauti ile ndiyo inayofuatwa na uzi wa tano. Huendelea vivyo hivyo uzi kwa uzi, ila wa tatu hubonyezwa katika nafasi ya nne ili kuupata wa pili. Uzi uliolegea hautupwi. Hukazwa polepole, maana ukikazwa kwa hasira hukatika. Na katika bendi, mmoja hupiga solo, mwingine huishika rithimu, mwingine besi. Wa rithimu hasifiwi sana, lakini siku asipokuwapo, wote hupotea.

Na wale wanaotaka kuanza, wasiharakishe. Sugu za vidole zilikwisha kutoka, na nyuzi zitauma; siku za kwanza robo saa yatosha. Nchi yetu ni kavu miezi mingi ya mwaka, na mti wa gitaa hupasuka. Msiliweke juani, wala karibu na moto.

Kwenu waalimu nina ombi. Wazee wakikutana, pelekeni watoto wakae karibu nao, wenye daftari waandike maneno, na wenye simu wanase sauti. Wala msisahau zeze la Wagogo wa Manyoni; nalo lina wazee wake, na wazee hao nao hupungua.

Na kwenu ninyi mliopiga pamoja zamani: kabla ya kulinganisha nyuzi, lilinganisheni deni. Mwenye kudai ataje kiasi chake, mwenye kudaiwa alipe awezavyo, na kinachobaki kisamehewe mbele ya shahidi. Mgonjwa asiyeweza kuja, mfuateni kwake na gitaa. Aliyekwisha kufa, mwombeeni, kisha mwiteni mwanawe ashike nafasi yake. Msiingoje sikukuu; anzeni juma hili.

Mungu awabariki, awape amani.