Ritifaa, Baiti na Hatima ya Neno
Neno “ng'ombe” huandikwa kwa alama 7. Kompyuta, hata hivyo, huhifadhi baiti. Katika usimbaji wa UTF-8, ritifaa iliyonyooka huchukua baiti 1, ilhali iliyopinda huchukua 3. Hivyo neno lilo hilo huwa na baiti 7 katika faili moja na 9 katika jingine. Lugha ya programu ya Python, tangu toleo la 3 la mwaka 2008, hutenganisha baiti na matini: sharti baiti zisimbuliwe kwanza ndipo zisomwe kama maandishi. Hata zikisimbuliwa, ritifaa hizo hubaki alama mbili tofauti. Mwanaleksikografia asiyezisawazisha atahesabu neno moja kama mawili, na kamusi yake itarithi kosa hilo.