Kadi Mpya Katika Kompyuta ya Marehemu Mjomba

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni.)

Juma lililopita niliahidi kukueleza habari za kompyuta ya marehemu mjomba wangu, ile iliyotufanya watu wa ukoo mmoja tununiane kwa miezi mitatu. Leo natimiza ahadi.

Mjomba aliinunua mashine hiyo Marekani mwaka 1982, alipokuwa mwanafunzi. Ni IBM PC, aina ile ya kwanza kabisa iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981. Alipofunga virago kurudi nyumbani mwaka 1994 wenzake walimcheka, maana kwa wakati ule, huko kwao, mashine hiyo ilikuwa imekwisha kuwa takataka. Lakini hapa kwetu, ambako mwaka 1974 serikali ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta nchini, watu wengi hawakuwa wamewahi kuiona hata hiyo takataka. Mjomba akaiweka sebuleni, akaitafutia transfoma ya kushusha umeme kwa kuwa ilizoea volti 120, na kwa miaka saba akawa anaandika humo kila kitu: barua, hesabu za kahawa, mahari zilizotolewa na zilizopokewa, na mambo ya mashamba.

Alipofariki aliacha disketi 38 ndani ya boksi la viatu. Akaacha pia ugomvi. Shamba la bondeni linalimwa na jirani, naye husema alilinunua. Sisi tukasema aliazimwa tu, akang'ang'ania. Alipoulizwa karatasi, alijibu kwamba ililiwa na mchwa. Tukacheka. Binamu yangu mkubwa akasema, "Baba hakuwa mtu wa kuacha jambo bila kuliandika. Jibu limo kwenye disketi." Lakini nani leo anayeweza kuzisoma? Zile ni disketi pana za inchi tano na robo, laini kama karatasi ya bahasha, na hakuna kompyuta dukani iliyo na mlango wa kuziingiza. Tena disketi ya zamani husomeka vizuri zaidi kwenye mashine ileile iliyoiandika. Basi ikabidi mashine ya mjomba iamshwe, na itafutiwe mahali pa kukusanyia hayo yote kabla disketi hazijaoza, yaani ipewe diski ngumu.

Hapo ndipo hadithi inapoanza, kwa sababu mashine hiyo haikuzaliwa na diski ngumu. IBM walianza kuuza PC yenye diski ngumu ndani mwezi Machi 1983, nayo ni ile iliyoitwa XT. Diski yake ilikuwa na megabaiti 10, ambazo ni sawa na disketi 28 hivi za kilobaiti 360, na watu waliona ni ghala lisilojaa. Aliyekuwa na PC ya zamani alikuwa na taabu. Kisanduku chake cha umeme kilitoa wati 63.5 tu, wakati cha XT kilitoa wati 130. Diski za wakati ule zilikuwa nzito, zinazunguka kwa mota, na zilikula umeme kama pasi. Ndiyo maana IBM waliuza sanduku zima la pili, namba 5161, lenye umeme wake lenyewe, likae kando ya la kwanza.

Nilikwenda Kariakoo kwa kijana mmoja afunguaye simu. "Shikamoo mzee, hiki umekitoa makumbusho?" akaniuliza. Nikamwitikia marahaba, nikamwachia mashine. Baada ya siku mbili akanipigia simu kuniambia kuna kadi iitwayo XT-IDE. Haikutengenezwa na IBM wala na kampuni kubwa yoyote. Ilibuniwa na wapenzi wa mashine hizi mwishoni mwa miaka ya 2000, wakaitoa michoro yake bure, na yeyote anaweza kuitengeneza au kuiuza. Mahali pa diski nzito inayozunguka unachomeka CompactFlash, ile kadi ndogo iliyokuwa ikitumika kwenye kamera, ambayo umeme wake ni haba mno. Wati 63.5 zikawa si kikwazo tena.

Tukaiagiza. Mashine ina nafasi tano za kadi, na mjomba alikuwa amejaza nne: ya kioo, ya disketi, ya kumbukumbu ya ziada na ya printa. Imebaki moja. Kijana akafungua parafujo, akaisukuma kadi hadi ikakaa, tukawasha. Kiooni ikatokea namba 301. Moyo ukanilipuka. Kumbe kosa ni langu! Nyuma ya mashine ile kuna matundu mawili ya duara yanayofanana kama mapacha, moja la kibodi na jingine la kaseti, nami nilikuwa nimechomeka kibodi kwenye la kaseti. (Naam, kaseti. IBM PC ilimfikiria pia mtu wa nyumbani asiyeweza kununua hata chombo cha disketi, ahifadhi kazi zake kwenye kanda kama za muziki.) Tukahamisha waya, 301 ikaondoka. Lakini diski mpya haikuonekana. Mashine ilifanya kama vile kadi haimo.

Tulihangaika siku nzima. Tukabadili nafasi ya kadi, tukapangusa meno yake, tukabadili vibonye vyake vidogo, wapi! Ufumbuzi ulikuja tulipotumia programu ya DEBUG iliyokuja pamoja na disketi za mjomba, tukaangalia tarehe iliyoandikwa mwishoni mwa bayosi. Bayosi ndiyo programu iliyomo ndani ya chipu, inayoiamsha mashine kila unapowasha. Ilisomeka 10/19/81, yaani tarehe 19 Oktoba 1981.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kiini. Kadi ya diski ngumu huja na programu yake yenyewe ndani ya chipu yake. Mashine inapoamka inatakiwa ipite ikikagua sehemu fulani za kumbukumbu, kama mlinzi wa usiku anayegonga mlango mmoja mmoja akiuliza, "Kuna mtu humu?" Ikikuta alama mbili, 55 na AA, inajua kwamba kuna kadi yenye neno la kusema, inaiachia iseme. Bayosi za mwanzo za IBM PC hazikufundishwa kugonga milango hiyo. Zilizofundishwa ni za kuanzia tarehe 27 Oktoba 1982. Mjomba alinunua yake miezi michache tu mapema mno!

Dawa yake ni kung'oa chipu hiyo kutoka kwenye soketi iitwayo U33 na kuweka nyingine yenye bayosi mpya. Hilo nalo lina mtego, kwani soketi ina matundu 24, na chipu za kawaida za ukubwa huo zina miguu 28. Tuliagiza nje chipu iliyokwisha kuandikwa, yenye miguu 24, tukaingojea majuma matano. Siku tulipoipachika na kuwasha, maneno ya ile kadi yakapanda kiooni, na kijana wa Kariakoo, ambaye mashine ile imemzidi umri, akapiga kelele hadi majirani wakachungulia.

Nimejiuliza tangu siku hiyo: watu wasiofanya kazi IBM waliwezaje, zaidi ya miaka 25 baadaye, kuitengenezea mashine hiyo kiungo kipya? Jibu ni kitabu. Mwaka 1981 IBM walitoa kitabu cha ufundi cha PC chenye michoro yote ya waya na maandishi kamili ya bayosi, mstari kwa mstari. Sisemi walikuwa walii. Walikuwa na haraka, mashine waliiunda kwa vipuri vya madukani, nao walitaka wengine watengeneze kadi ili PC inunuliwe. Haki ya kunakili bayosi walibaki nayo, na washindani kama Compaq ilibidi waandike yao upya. Lakini kitabu kilitoka, na kitabu kikishatoka hakirudi. Aliyeketi kubuni XT-IDE alijua kila waya unakwenda wapi. Alijua, kwa mfano, kwamba diski za IDE humimina biti 16 kwa mpigo, na njia ya kadi ya IBM PC hupitisha 8 tu, kwa hiyo akaweka kwenye kadi chipu ya kushikilia nusu moja wakati nusu nyingine inapita. Simu iliyo mfukoni mwangu ina nguvu mara maelfu kuliko mashine ya mjomba, lakini betri yake imegundishwa, na mchoro wake sijui nimwombe nani.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Tulitumia PC DOS 3.3, ambayo haikubali sehemu ya diski kuzidi megabaiti 32, tukaigawa CompactFlash mara mbili. Diski ikapewa herufi C, kwa kuwa A na B ni za disketi. Na kompyuta yako ya Windows ya leo, isiyo na disketi hata moja, bado inaanzia C kwa sababu hiyohiyo. Disketi 31 zilisomeka. Saba zilikuwa zimeota ukungu.

Tulipoifungua CompactFlash kwenye kompyuta ya kisasa, kila neno liliharibika mwishoni. Shamba limekuwa "shambá", watoto "watotï", ndugu "ndugõ". Mjomba aliandika kwa programu ya WordStar, ambayo ilikuwa ikitia alama yake ya siri katika herufi ya mwisho ya neno, na maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu. Kijana akaandika programu fupi ya kuondoa 128 katika kila herufi iliyotiwa alama, na mjomba akaanza kusema tena Kiswahili chake.

Barua tuliyoitafuta ilikuwa katika disketi ya 22, ya mwezi Machi 1997. Anamwandikia jirani kwamba amepokea fungu la mwisho la fedha za shamba la bondeni, na anamtaja mzee mmoja kuwa shahidi. Mzee huyo yu hai. Tulipomwendea alishangaa: "Kwani ninyi hamkujua?"

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa jirani, binamu zangu na mimi, tukiwa na mbuzi.